Paa Lililovuka Mto

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Nahiyo, weka hilo gunzi chini. Sefue, mume wangu, funga mdomo kabla inzi hajapata pa kulala. Mvua ya leo haina haraka ya kwenda popote, na mahindi haya hayatajipukuchua yenyewe. Basi mikono ifanye kazi na masikio yafanye kazi, lakini mdomo utakaokwenda ni mmoja tu, nao ni huu wangu usio na meno. Nikiita "Mto!" ninyi itikeni "Wavuma!" Nikiuliza "Ng'ambo kuna nani?" jibuni "Kuna mama!" Haya, kimya kwanza. Kimya mpaka tusikie mvua inasema nini juu ya paa.

Mto!

Wavuma!

Ng'ambo kuna nani?

Kuna mama!

Ilikuwa huko nyuma, nyuma ya nyuma, milima hii ilipokuwa bado na msitu hadi shingoni, na ukungu ukipita asubuhi nyumba hadi nyumba kama jirani anayeomba moto. Huko nyuma, chini ya korongo letu, mto ulipita kama unavyopita sasa, ila ulikuwa na sauti kubwa zaidi. Ulivuma! Ukisimama upande huu ukamwita mtu wa upande ule, mto uliichukua sauti yako ukaenda nayo bondeni. Mtu wa ng'ambo aliuona mdomo wako unafunguka na kufumbika, basi.

Na daraja lilikuwa magogo mawili tu, yamelazwa jiwe hadi jiwe. Gogo moja la watu wa huku, gogo moja la watu wa kule. La huku likioza, wa huku hubadilisha. La kule likioza, wa kule hubadilisha. Ndivyo walivyoishi, na ndivyo walivyooana.

Basi msichana mmoja wa kule, jina lake Namkunda, aliolewa huku. Mumewe alikuwa Mbonea, kijana mpole, mchimba mifereji. Baba mkwe wake alikuwa mzee Senkondo, fundi wa nyumba, mtu wa shoka na tezo. Na mama mkwe wake alikuwa Nanzia, mwanamke mnene wa kicheko, aliyempenda Namkunda kama aliyemzaa mwenyewe.

Namkunda hakulia sana alipoolewa. Alilie nini? Kwao kulionekana. Alikaa mlangoni kwa mkwewe, nyumba iliyojengwa karibu kabisa na korongo, akatazama ng'ambo, akauona moshi wa jiko la mama yake. Na jioni, mama yake, Nakiete, alipotwanga, Namkunda alisikia. Ndiyo! Sauti ya mtu mto uliimeza, lakini kishindo cha kinu hupita ardhini, na ardhi ya huku na kule ni moja. Mama yake alikuwa na mtwango wake: tu, tu, tu, anapumzika, tu. Tu, tu, tu, anapumzika, tu. Hiyo moja ya mwisho alikuwa akimtwangia binti yake. Na Namkunda alichukua mchi wake huku akajibu: tu.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo kisa kinapochafuka.

Msimu mmoja watu wa kule walibadilisha gogo lao. Walikata mti uliopendeza kwa macho, mnene, mnyoofu, lakini ndani ulikuwa mwororo kama kiazi cha kuchemsha. Hawakujua. Au walijua wakasema utavumilia, mimi sikuwepo. Mvua ikalinyeshea gogo, jua likalikausha, mvua ikalinyeshea tena. Siku hiyo Nanzia alikuwa anavuka kwenda kumpelekea Nakiete habari njema, kwamba Namkunda amepata mimba. Alibeba chane ya ndizi kichwani na kicheko mdomoni. Alifika katikati, akakanyaga gogo la kule. Gogo likasema *kwa!* na mto ukamfunika.

Walizipata ndizi. Nanzia hawakumpata.

Mzee Senkondo alisimama ukingoni. Hakulia. Ingekuwa heri angelia! Aliingia ndani, akatoka na chungu cha mkewe, kile cha kupikia makande, akakiinua juu mbele za watu.

"Wamechukua wangu," akasema. "Nami nashika wao. Mke wa mwanangu hatatoka chini ya paa langu! Akitoka, kizazi changu kikauke!"

Akakipiga chungu kwenye jiwe. *Pwaa!*

Watu wakashika vichwa. Maana siku hizo, wanangu, neno lililosemwa juu ya chungu kinachovunjika halirudi. Haliombewi, halichinjiwi mbuzi. Vigae haviwi chungu tena, na neno haliwi kimya tena.

Wazee wakakaa, wakalichambua lile neno kama mnavyochambua maharage. Mmoja akasema, "Alitaka kusema hatatoka kwake. Kwa boma lake."

Mwingine akasema, "Alitaka kusema. Lakini alisema nini?"

"Alisema paa."

"Basi ni paa."

Mmeona? Angesema "boma langu," Namkunda angepata ua wa kutembea, angepata jua, angepata upepo. Hasira ilichagua neno dogo. Na kizazi kinachoapiwa ni kipi? Ni mtoto aliyekuwa tumboni mwa Namkunda mwenyewe! Basi hakuhitaji kufungiwa mlango. Alijifunga mwenyewe. Alijua paa linapoishia, pale maji ya mvua yanapodondoka na kuchimba mstari ardhini, ule mchirizi. Vidole vyake vya miguu vilifika kwenye mchirizi, vikakomea hapo.

"Na chooni je, bibi?"

Wee Sefue! Nilijua utauliza wewe. Walimjengea kijumba, wakakiunganisha na nyumba kwa paa. Umeridhika? Pukuchua.

Mtoto akazaliwa, msichana, akaitwa Nanzia. Akakaa, akatambaa, akasimama. Akatoka kucheza uani, na mama yake akimwangalia kutoka kwenye mchirizi. Mtoto alirudi na tope miguuni, na Namkunda alimwosha taratibu, taratibu, maana lile tope lilikuwa limetoka nje.

Na kila jioni: tu, tu, tu, kimya, tu. Mama yake alikuwa hajamwona mjukuu. Daraja halikuwepo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulaza gogo jingine. Kulikuwa na huku, kulikuwa na kule, na katikati mto.

Mto!

Wavuma!

Ng'ambo kuna nani?

Kuna mama!

Na mzee Senkondo? Mnadhani alifurahi? Hasira yake ilikwisha kabla nyasi hazijaota pale vigae vilipoanguka. Asubuhi na jioni alimwona mkaza mwanawe akimletea uji, ngozi yake imepauka kama ya mtu aliyefungiwa gizani, na hata siku moja hakumjibu vibaya. Uji wenyewe ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kisha jioni moja Namkunda alisimama na mchi mkononi, akisikiliza. Tu, tu... Kimya. Tu. Kimya kirefu. Akasubiri ile moja ya mwisho. Haikuja.

"Baba," akamwambia mkwewe, "mama amepungukiwa na nguvu."

"Labda amechoka leo."

"Mama hachoki, baba. Mama anazeeka."

Mzee akatazama chini. "Ningeweza kulimeza lile neno, mwanangu, ningelimeza na vigae vyake."

"Najua, baba."

"Nilitaka kusema boma."

"Najua, baba. Kunywa uji."

Namkunda akaondoka. Mzee akabaki na kibuyu mkononi, akiangalia juu. Alitazama paa lake. Pau zake, fito zake, nyasi zake, alizoezeka kwa mikono yake mwenyewe. Alifuata fito kwa macho hadi ukingoni mwa paa, hapo linapokoma. Akajiuliza: *linakoma kwa nini?*

Akaweka kibuyu chini. Akaita, "Mbonea! Leta shoka!"

Jamani! Asubuhi watu walimkuta mzee anachimbia nguzo mbili nje ya nyumba, akaziwekea mwamba, ule mti wa kulalia pau, akapiga pau, akafunga fito, akaezeka. Paa likasogea. Kesho yake nguzo nyingine mbili. Paa likasogea tena, likaelekea korongoni. Na Namkunda akasogea nalo, amekaa chini yake anasokota kamba za mgomba.

Watu wakaja kutazama. Mnajua watu.

"Mzee Senkondo! Nyumba yako inakwenda wapi?"

"Inakwenda kusalimia."

Alipofika kwenye jiwe la ukingoni na kuanza kuteremsha magogo, wakacheka wakakaa chini.

"Mzee anaezeka mto!"

"Mto umelalamika unanyeshewa!"

"Ee, na samaki wamepata mafua!"

Mzee akafuta jasho. "Njooni mnishikie gogo, halafu mcheke mkiwa mmeshika." Na watu wa huku hawajui kucheka mikono mitupu. Wakashika.

Safari hii hakulaza mti wowote alioupita njiani. Alipanda msituni, akagonga shina baada ya shina kwa kichwa cha shoka, ameweka sikio, mpaka akapata mikulo iliyokomaa, miti ile inayonukia hata ukiifanya kigoda. Wakaikokota kwa kamba wakiimba, wakaipitisha jiwe hadi jiwe, migumu, mizito. Gogo la katikati lilipokaa, mzee akapanda juu yake akarukaruka kama mtoto, watu wanapiga kelele ashuke. Akasema, "Mke wangu hakuuawa na miguu yake. Gogo lilioza kwa maji ya juu. Nikilifunika gogo, halitaoza." Kwa hiyo lile paa lilikuwa na kazi mbili, mmeona? La kumfunika aliye hai, na la kumlilia aliyekufa.

Wakainua nguzo juu ya magogo. Wakaweka mwamba. Wakapiga pau. Namkunda akasogea, akasogea, akawa juu ya mto. Maji yakipita chini yake kwenye nyufa, meupe, yenye baridi. Akaketi na kusokota kamba, kila siku karibu zaidi, akaanza kuona rangi ya mlango wa mama yake. Akaanza kuona kuku. Lakini mama hakutoka mlangoni. Na kishindo cha jioni kilikuwa: tu. Kimya. Tu.

Kaka yake Kirumbe na wenzake walikuja ukingoni kwao na mikuki. Walisikia mashoka, wakafikiri vita. Mzee alipokaribia hata sauti ikavuka, Kirumbe akapaza:

"Mzee! Unakuja kutufanya nini?"

"Namleta dada yako!"

"Si umwache atembee tu kama watu?"

"Nilikosea neno, mwanangu. Sasa nalirefusha."

Kirumbe akaangalia paa, akamwangalia dada yake aliyekaa chini yake na kamba mapajani, akaelewa. Akatupa mkuki. "Mama hainuki tena kitandani," akasema. "Fanyeni haraka."

Haraka! Kwa nyasi zipi? Nyasi za kuezekea zilikuwa zimekwisha mlimani kote, watu wamekata hadi ukingo wa msitu. Zilizobaki zilikuwa changa, za kijani, haziezeki. Magogo yamefika ng'ambo, nguzo zimesimama, pau zimepigwa, lakini kipande cha mwisho kiko wazi, mbingu inaonekana. Namkunda amesimama kwenye mchirizi, juu ya mto, hawezi kupiga hatua.

Kirumbe akaita, "Tunazo nyasi huku! Tumezihifadhi! Tuwarushie?"

Mzee akatikisa kichwa. "Nyasi zenu ni paa lenu. Nimesema langu."

"Mzee, nyasi ni nyasi!"

"Na neno ni neno. Mimi ndiye ninayelijua."

Jioni ile wote wakanyamaza wakisikiliza kinu. Hakuna kitu. Hakuna hata ile moja. Namkunda hakupiga yowe. Alikaa chini palepale, akaweka kiganja kwenye gogo, kama mtu anayemgusa mgonjwa paji la uso, anatafuta kishindo.

Mzee Senkondo akamtazama. Kisha akageuka, akarudi kwenye nyumba yake, akapanda ngazi, akaanza kuling'oa paa la juu ya kitanda chake.

"Baba!" Mbonea akamkimbilia. "Baba, mvua inakuja! Utalala wapi?"

"Darajani."

"Baba, hii ni nyumba uliyomjengea mama!"

"Ndiyo maana nyasi zake ni nzuri. Pokea!"

Na Mbonea akapokea. Watu waliocheka wakapokea. Nyasi zikapita mkono kwa mkono, nyeusi kwa moshi wa jiko la Nanzia, bado zina harufu ya makande yake, zikapita juu ya mto hadi mwisho. Wingu limeshashika vilele. Mzee akaezeka, akafunga, akaezeka, akafunga, na tone la kwanza lilipoanguka, lilianguka juu ya paa. Namkunda akatembea chini yake mpaka jiwe la kwao.

Hapo akasimama. Nyumba ya mama yake ilikuwa juu, pale, mbali kidogo. Na paa lilikuwa limekwisha. Si darajani tu. Hata nyumbani kwa mzee hakukuwa na unyasi wa kuongeza.

Basi Kirumbe na ndugu zake wakambeba mama yao kwenye machela, wamemfunika ngozi, wakateremka naye mvuani. Wakafika kwenye mchirizi. Na Nakiete, mwanamke mwenye adabu zake, akainua mkono asipitishwe. Si nyumba ya wakwe? Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. Akasema:

"Hodi."

Namkunda aliinama upesi akiondoa kamba zake njiani.

"Hodi wenyewe," mama akasema, "au mnalala?"

"Karibu, mama! Karibu ndani!"

Wakamwingiza. Namkunda akamkumbatia yule mama aliyekuwa mwepesi kama kapu, akamnusa nywele, na mto unavuma chini yao wote wawili.

Mama akafumbua jicho moja. "Sijawahi kuingia nyumba yenye mto chini ya kitanda. Mwanangu, mnapika wapi?"

Basi wakacheka, wakalia, wakacheka.

Nakiete hakurudi juu. Alikaa darajani, Namkunda akamlisha, akamsuka, na mtoto Nanzia akalala ubavuni mwake. Waliongea yote ambayo kinu hakiwezi kusema. Mzee Senkondo alilala upande wa pili wa daraja, amegeuza mgongo kwa heshima ya mkwe, akikohoa akitaka kupita. Na kila aliyevuka alikuta kuna mgonjwa ndani, kwa hiyo alisimama kwanza akapiga hodi.

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, Nakiete alifariki mikononi mwa mwanawe. Wakambeba kwenda kumzika juu, karibu na mlango wake. Namkunda alifika nao mpaka kwenye mchirizi. Vidole vyake vikakomea hapo. Aliwatazama wakipanda, wakipungua, mpaka migomba ikawafunika. Alisikia udongo unapigwa jembe. Alikuwa karibu hata alihesabu majembe kwa sauti zake, na hakuweza kutupa konzi yake ya udongo.

Kimya kidogo, wanangu. Acheni mahindi.

Miaka ikapita. Namkunda akaishi baina ya huku na kule. Mtoto akakua, wengine wakazaliwa. Mzee akaezeka nyumba upya, nyasi zilipokomaa, akaiunganisha na daraja, lakini mwenyewe akabaki kulala juu ya maji. Alisema anamsikia mkewe vizuri zaidi pale.

Ikafika siku ya mzee. Wakakusanyika, wazee wa huku na wa kule, chini ya lile paa, kusikia anamwachia nani nini.

"Shoka na tezo ni vya Mbonea," akasema. "Amejifunza kwa shida, lakini amejifunza. Shamba la juu ligawanywe kwa wajukuu. Na paa..." Akapumua. "Paa namwachia Namkunda."

Wazee wakatazamana. Paa, kwa mwanamke? Mkaza mwana? Mmoja akaanza kusema, "Lakini mzee, desturi..."

"Sikilizeni vizuri," Senkondo akasema, na jicho lake likacheka kidogo. "Kuanzia sasa, hili si paa langu. Kuna paa langu lolote hapa?"

Wakatazama juu, nguzo hadi nguzo. Hakuna.

"Aliyeapiwa asitoke chini ya paa langu, yuko chini ya paa gani?"

"Lake mwenyewe," mzee mmoja akasema polepole, kisha akapiga paja. "Lake mwenyewe! Senkondo, mbona hukusema siku zote hizi?"

"Nimelipata leo," mzee akasema. "Kama ningelipata mapema, angetupa udongo kwa mama yake." Na hapo machozi yakamtoka, yale yote aliyoyazuia siku ya chungu. Namkunda akamfuta kwa kanga... eh, kwa ngozi, kanga zilikuwa bado. Akamshika mkono mpaka ukapoa.

Baada ya matanga, Namkunda akaenda mwisho wa daraja. Mvua ilikuwa inanyesha. Akatoa mguu. Akautua nje. Akatoa wa pili. Mvua ikampiga usoni, akashtuka kama mtoto mchanga, akasahau hata kufumba macho. Akapanda mlima, ameloa chapachapa, mpaka kaburini. Akachukua konzi ya udongo, tope tupu, akaiweka juu. Kisha akaingia uani kwa mama yake. Kinu kilikuwa kimelala ubavu, kimeota ukoka. Akakisimamisha. Akatafuta mchi. Hakikuwa na kitu ndani, akatwanga hivyo hivyo:

Tu, tu, tu. Akapumzika. Tu.

Akasubiri. Nani angemjibu? Mwenye kujibu siku zote alikuwa yeye.

Huku upande wa pili Mbonea alikuwa peke yake nyumbani. Akasikia. Akaangalia huku na huku kama kuna mtu anamwona, maana lini mwanamume wa siku zile alishika mchi? Akaushika. Akatwanga, vibaya, kama anayeua nyoka: Tu! Tu!

Namkunda akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Ndiyo hivyo. Mkikasirika, wajukuu zangu, na mtakasirika, angalieni neno mnalolichukua mdomoni, kwa sababu mtu mwingine ndiye atakayeishi ndani yake. Na likishatoka likamuumiza mtu, msikae mkalitazama. Chukueni shoka, mkalirefushe mpaka limfikishe mahali.

Shoka lilikwenda kwa Mbonea, likaenda kwa wanawe, likaisha kwa kunolewa. Paa Namkunda alimwachia binti yake Nanzia, naye akamwachia wake, kila mmoja akaliezeka, mpaka mto ulipofurika ukalichukua, na leo pale kuna daraja la zege, gumu, zuri, halina paa kichwani. Mmelipita. Mmesikia watu wazima wanafanya nini wakilikanyaga? Wanasema hodi. Wageni hutucheka, eti tunaubishia mto hodi. Hiyo hodi ndiyo mliyorithi ninyi, msiipoteze njiani.

Na kinu cha Nakiete? Kilivuka kwa mgongo wa Namkunda, kikapita kwa mama kwa binti, mama kwa binti. Nahiyo, inuka kidogo, umekikalia. Kitakuwa chako nikiondoka. Leo jioni nitakufundisha ile moja ya mwisho.

Mimi nimevuka, kisa nimekiacha darajani. Anayekitaka asogee, apige hodi.